Nani Aliyekata Tiketi kwa Ajili ya Sinema?

Mtu wa Kamachumu, wilayani Muleba, anayejiandaa kwenda Dar es Salaam ana maswali yake, na mpangilio wake haubadiliki sana. Kwanza nauli. Pili saa ya kuondoka na saa ya kufika. Tatu mzigo: mikungu mingapi ya ndizi itapita bila kulipiwa, na boksi la senene litakaa wapi. Ikiwa ni Novemba na senene wameanguka, swali la mzigo hupanda hadi nafasi ya kwanza, maana ndugu wa Kimara na Tegeta hawataki kusikia habari ya mgeni aliyetoka Bukoba mikono mitupu. Swali la runinga huja mwisho, kama linakuja.

Likija, hata hivyo, huja kwa ukali. Lina TV? Lina chaji kwenye kiti? Msichana mwenye kitabu cha tiketi akijibu kwa kusitasita, mteja anatupa jicho kwenye kibanda cha pili.

Tabia hiyo ndogo ya stendi inagusa hoja inayowagawa wakuu wa mashirika ya ndege kwa zaidi ya miaka 60: skrini za burudani zilizofungwa kwenye viti vya ndege huleta abiria, au ni mapambo ya gharama? Wao wanaibishania wakiwa na mahesabu ya mabilioni. Sisi wa Muleba tuliijaribu kwanza ardhini, kwenye basi, na nadhani basi linajibu vizuri kuliko ndege.

Kutoka Bukoba hadi Dar kwa barabara ni kilomita zipatazo 1,400: Muleba, Biharamulo, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro. Watu wa Kamachumu hulidaka basi Muhutwe au Muleba, kutegemea mteremko wanaoshukia. Nauli yake haipangwi na mwenye basi peke yake. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, huweka ukomo, na Desemba 2023 ukomo huo ulipandishwa hadi shilingi 48.47 kwa kila abiria kwa kilomita moja katika basi la daraja la kawaida, na shilingi 67.84 katika daraja la kati. Kwa kilomita 1,400 hiyo ni kama shilingi 68,000 kwa la kwanza na 95,000 kwa la pili.

Mwenye basi havuki ukomo huo, na akishuka sana chini yake hela ya mafuta haitimii. Matokeo yake mabasi mawili ya daraja moja yanayoondoka asubuhi moja yana bei zinazokaribiana, barabara ile ile, mizani ile ile na matuta yale yale. Watashindania nini? Hapo ndipo mpiga debe anapopata kazi: kiyoyozi, choo ndani, chaji, maji na soda, TV. Runinga iliingia kwenye mabasi yetu kama silaha ya watu waliozuiwa kupigana kwa bei.

Tukumbuke hilo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa angani pia.

Sinema ya kwanza ndani ya ndege ilionyeshwa mwaka 1921, pale kampuni ya Aeromarine ilipowazungusha watu juu ya jiji la Chicago huku ikiwaonyesha filamu fupi ya kulitangaza jiji hilo hilo. Mwaka 1925 Imperial Airways ya Uingereza ikaonyesha filamu bubu ya The Lost World ndani ya ndege iliyotokana na ndege ya kivita. Mikanda ya filamu ya enzi hizo ilikuwa rahisi mno kushika moto, na mtu akiwaza leo kuhusu mkanda huo, mashine ya kuuonyesha na ndege ya zama zile angani kwa pamoja, anashangaa nani alitoa kibali. Zote mbili zilikuwa vituko vya kutafuta magazeti. Biashara yenyewe ilianza tarehe 19 Julai 1961, shirika la TWA la Marekani lilipoanza kuonyesha filamu kwa ratiba ya kudumu, tena katika daraja la kwanza tu. Miaka michache baadaye zikaja hedifoni za mpira ambazo ndani yake hamkuwa na umeme wowote. Sauti ilipita kwenye mirija mitupu hadi sikioni.

Kwa nini wakati ule? Ndege za jeti zilikuwa zimeshaingia na safari za kuvuka bahari zimekuwa za kawaida, ndiyo. Lakini sababu nzito zaidi ilikuwa nauli. Safari za kimataifa zilikuwa na nauli zilizokubaliwa ndani ya chama cha mashirika ya ndege, IATA, na ndani ya Marekani serikali ndiyo iliyoidhinisha bei. Shirika halikuwa na ruhusa ya kumwambia abiria kwamba mimi ni rahisi kuliko jirani. Lilichoweza kumwambia ni kwamba nyama yangu ni laini zaidi, wahudumu wangu wamevaa vizuri zaidi, na nina sinema. Ugomvi huo ulifika mahali IATA ikaingilia na kutaka hedifoni zilipiwe dola mbili na nusu, ili sinema ya bure isije ikawa punguzo la nauli lililofichwa. Yaani hata waliokuwa wakipanga bei walijua kuwa bei zikilingana, sinema ina uzito wa fedha.

Halafu mwaka 1978 Marekani ikafungua soko. Bei ikawa huru, na mengi ya madoido yakaanza kuporomoka. Southwest, shirika lililokua hadi likawa miongoni mwa makubwa ya Marekani, lilipata faida mwaka hadi mwaka kwa zaidi ya miongo minne bila skrini kwenye viti. Ryanair ya Ireland ilibeba abiria milioni 200 katika mwaka ulioishia Machi 2025, katika ndege ambazo viti vyake havina hata mfuko wa kutilia gazeti. Ukitaka kunywa maji, unayanunua. Watu wanalalamika, wanaapa hawatarudi, na mwezi unaofuata wanarudi.

Tanzania nayo ilipata somo lake. Tarehe 29 Novemba 2012 Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa ndege za Airbus A319, ikitangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Hakukuwa na skrini. Begi kubwa lililipiwa, soda ililipiwa. Na watu walijaa. Walipanda watu ambao hawakuwahi kufikiria kwamba kukwea pipa ni jambo lao: wauza dagaa, wanafunzi wa vyuo, wazee waliokuwa wakienda kuwaona wajukuu. Bukoba ndege hiyo isingefika, kiwanja hakiwezi kuipokea, lakini walikuwepo Wahaya walioshuka Mwanza na kumalizia kwa meli au basi, wakihesabu kwamba bado wameokoa siku nzima. Fastjet ilisimamisha safari Desemba 2018 kwa matatizo mengine kabisa, na sijamsikia mtu akiikumbuka kwa kukosa sinema. Wanaikumbuka kwa bei.

Mpaka hapa hukumu inaonekana rahisi: burudani ni ya wasio na uwezo wa kushindana kwa bei. Lakini tupande kwanza ndege ya kwetu wenyewe.

Kiwanja cha Bukoba kiko ufukweni kabisa, njia yake ya kurukia ina urefu wa takriban kilomita moja na nusu, na kisiwa cha Musira kinakitazama kutoka ziwani. Ndege zinazotua pale ni za mapangaboi: Dash 8 Q400 za Air Tanzania zenye viti 76, na ATR za Precision Air. Kutoka Mwanza safari haifiki saa moja. Ukiondoa muda wa kupaa na wa kushuka, muvi ya Kibongo isingemaliza hata ugomvi wa kwanza kati ya mke na mawifi, achilia mbali Part Two. Hakuna mwenye akili atakayefunga skrini 76 humo. Kila skrini ina waya wake, ina uzito wake, na uzito ni mafuta. Burudani rasmi ni jarida lililo mfukoni mwa kiti. Precision wamekuwa na Paa, Air Tanzania wana Twiga.

Burudani isiyo rasmi ndiyo kubwa. Ndege hizi zote mbili zina mabawa juu ya madirisha, si chini yake, kwa hiyo karibu kila aliyekaa dirishani anaona chini bila kuzibwa. Ziwa, visiwa, mitumbwi ya uvuvi, kisha ukingo wa miamba na migomba ya Bukoba. Nimeona watu wazima wenye vyeo wakibadilishana viti ili mmoja apige picha. Na ndani, kama ndege imejaa watu wa nyumbani, utasikia Kihaya kimepamba moto kabla ya mikanda kufunguliwa: nani kajenga, nani kaoza binti, nani katoka Sweden na hakuleta kitu. Sisi tumepewa jina la Nshomile na wenzetu kwa kupenda kujieleza. Ukitufungia saa moja katika bomba la chuma, hatuhitaji filamu.

Kuna jambo jingine linaloisukuma skrini mbali zaidi katika fikra za abiria wa Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, ikitoka Dar ikiwa na watu 43, ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walikufa, 24 waliokolewa, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Familia nyingi za Muleba zilikuwa na mtu ndani, au na mtu aliyekosa ndege ile, au na mtu aliyesimama ufukweni akivuta kamba. Na kabla ya hapo tulikuwa na ajali ya meli ya MV Bukoba, Mei 21, 1996, na mamia ya waliokufa maji ambao majina yao bado yanatajwa kwenye misa. Watu wa eneo hili wanapochagua chombo, wanauliza hali ya hewa, wanauliza rubani ni nani, wanauliza kama ndege ya jana ilitua au iligeuza Mwanza. Hayo ndiyo yanayovuta au kufukuza abiria hapa.

Hata huko duniani burudani imewahi kugeuka balaa. Swissair 111 ilianguka pwani ya Kanada Septemba 2, 1998, ikaua watu wote 229. Wachunguzi walihitimisha kwamba moto ulianza juu ya dari, na miongoni mwa nyaya zilizohusishwa ni za mfumo mpya wa burudani uliokuwa umefungwa ili kuwavutia abiria wa safari ndefu. Mfumo huo uliondolewa katika ndege nyingine za shirika hilo.

Basi skrini haifai kitu? Sivyo, na hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosema burudani ni ubatili mtupu.

Chukua mfanyabiashara wa Muleba mwenye duka la simu. Anatoka Bukoba hadi Dar, kisha anakwenda Dubai au Guangzhou kufuata mzigo. Kipande cha kwanza hakina skrini wala hakiihitaji. Kipande cha pili ni saa tano na ushee hadi Dubai, na mara mbili ya hapo au zaidi kama ni China. Saa kumi za kukaa kwenye kiti kimoja, usiku, ukiwa na jirani usiyemfahamu lugha, si jambo dogo. Hapo ndipo mashirika ya Ghuba yalipojenga jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Virgin Atlantic na Emirates zilikuwa miongoni mwa za kwanza kumpa hata abiria wa daraja la kawaida skrini yake mwenyewe. Mwaka 2003 Emirates ikaja na mfumo wake wa ICE, na tangu hapo imeutangaza kwa nguvu ile ile inayotangazia ndege zenyewe. Mtu akirudi Bukoba kutoka Dubai, stori ya skrini huifikisha mwenyewe kijijini bila kulipwa na mtu. Hakuna tangazo la gazeti linalofika Kamachumu haraka hivyo.

Lakini muulize mtu huyo alichaguaje tiketi. Alitazama bei, kilo za mizigo, na muda wa kusubiri uwanjani. Skrini ilikuja baada ya hapo, tena safari ya pili, si ya kwanza: alipokuta mashirika mawili yana bei moja na kilo sawa, akarudi kwa lile ambalo mara ya kwanza halikumchosha. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi halisi ya burudani ya angani. Inamrudisha aliyekwisha kupanda. Kumtoa mtu nyumbani ni kazi ya nauli na ratiba.

Mashirika yenyewe hayajakubaliana. JetBlue ilianza mwaka 2000 nchini Marekani ikiwa na nauli nafuu na runinga ya moja kwa moja kwenye kila kiti, na runinga ile ilichangia sana kuitofautisha na wengine wa bei ya chini. Mwaka 2017 American Airlines ikatangaza kwamba ndege zake mpya za Boeing 737 MAX hazitakuwa na skrini, kwa hoja kwamba abiria wanapanda na simu zao. Delta ikaendelea kuzifunga. United, baada ya kusuasua, ikatangaza mwaka 2021 kwamba itazirudisha kwenye ndege zake za masafa mafupi. Mashirika matatu ya nchi moja, yanayogombea abiria wale wale, yakapita njia tatu. Kama jibu lingekuwa wazi, wahasibu wao wangekuwa wameshalipata.

Hoja ya simu inanikumbusha kilichotokea kwenye basi letu. Runinga ya basi ni moja, rimoti ni moja, na iko kwa konda. Abiria 50 hutazama anachopenda yeye. Kwa miaka mingi ilikuwa filamu za marehemu Kanumba kutoka Muhutwe hadi Kahama, halafu Rose Muhando ili kuwatuliza akina mama wa kwaya, halafu Bongo Fleva ambayo ilimfanya babu mwenye rozari afunge macho na mjukuu wake afungue ya kwake zaidi. Basi likikaribia nyumbani, konda mjanja angeweka nyimbo za Kihaya za Saida Karoli, na basi zima lingeamka. Huo ulikuwa uteuzi wa mtu anayewajua abiria wake. Sasa vijana wamevaa visikilizio vya masikioni tangu Muleba, kila mmoja na muvi zake alizopakua kwa bando la usiku, na runinga ya mbele inaimbia viti. Na tangu serikali iliporuhusu tena mabasi kutembea usiku mwaka 2023, baada ya marufuku ya takriban miongo mitatu, runinga imepata mpinzani mwingine, usingizi. Ndiyo maana swali la stendi limehama taratibu kutoka kwenye TV hadi kwenye chaji. Mteja ana burudani yake mfukoni. Anachokuomba ni umeme.

Air Tanzania wanapaswa kulisoma hilo kwa makini. Dreamliner yao ya kwanza, Boeing 787-8 yenye viti 262, ilitua Dar Julai 2018 ikiwa na skrini kwenye viti, na ndege za aina hiyo ndizo zilizobeba safari zao za Mumbai na Guangzhou. Kushindana na Emirates kwa wingi wa filamu za Hollywood ni kujichosha bure. Lakini Emirates haiwezi kushindana nao kwa Kanumba, kwa mechi za zamani za Simba na Yanga, kwa taarabu, kwa vichekesho vya Joti, kwa kipindi cha dakika 20 kinachomweleza mama wa Kihaya anayesafiri mara ya kwanza, kwa Kiswahili cha taratibu, fomu za uwanja wa Guangzhou zinajazwaje. Jirani zetu wa Uganda waligundua zamani kwamba mtazamaji hapendi tu filamu, anapenda aisikie kwa sauti ya kwao. VJ Jingo alijipatia jina kwa kutafsiri za wengine juu kwa juu. Kwetu alikuwepo marehemu Lufufu, ambaye kanda zake zilijaza mabanda ya video. Sielewi kwa nini sauti ya namna hiyo isisikike futi 38,000 juu ya Bahari ya Hindi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya skrini yenyewe, ambayo tayari imeshanunuliwa.

Bukoba ni hesabu nyingine. Mpango wa uwanja mkubwa Omukajunguti, kule Missenyi, umekuwa ukizungumzwa miaka nenda rudi. Siku utakapojengwa na jeti kuanza kutua Kagera, labda tutarudi kwenye hoja hii. Kwa sasa, shirika likiniuliza fedha za kufungia skrini Dash 8 moja zipelekwe wapi, ningezigawa mara tatu. Fungu la kwanza liende kwenye ujumbe wa simu unaomfikia abiria akiwa bado Kamachumu, kabla hajalipa teksi hadi Bukoba, ukimwambia wazi kwamba mvua imefunga uwanja na ndege imegeuza Mwanza. La pili liende kwenye kiti cha Desemba, wakati kila Mhaya wa Dar anarudi kula Krismasi na nauli zinapaa kuliko ndege. Na la tatu, dogo kuliko yote, linunue kilo tano za ziada kwa kila tiketi inayotoka Bukoba Novemba na Desemba, boksi la senene lipite bila mama wa watu kusimamishwa mbele ya mizani akichagua kati ya viatu vya mtoto na chakula cha shemeji.